Sauti na Hofu katika Picha za Sinema

Wazee wetu walisema kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Neno hili ni la kweli, lakini watu wengi waendapo sinema hudhani kwamba sikio halina kazi huko. Muziki wa picha huuhesabu kuwa pambo tu, kama ushanga shingoni. Sisi twadhani sivyo. Katika picha za kutia hofu, sikio ndilo huogopa kwanza, na jicho hufuata. Tutalionyesha jambo hili kwa picha moja ya zamani, kisha kwa nyingine iliyokuja baadaye.

Picha ya kwanza yaitwa M. Ilitengenezwa Ujerumani na Fritz Lang mwaka 1931, picha zenye sauti zilipokuwa zingali jambo jipya, na hiyo ilikuwa picha yake ya kwanza yenye sauti. Habari yake ni ya mtu awauaye watoto wadogo katika mji mkubwa. Hakuna kundi la wapiga muziki wa kutuongoza. Kuna wimbo mmoja, nao mwuaji mwenyewe huupiga kwa mluzi. Ni wimbo aliotunga Edvard Grieg wa Norwe kwa ajili ya mchezo wa Peer Gynt. Huanza chini, polepole, kisha huenda mbio.

Mwanzoni mama mmoja anamngoja binti yake Elsie atoke shuleni. Meza imeandikwa, saa imelia, watoto wengine wamekwisha rudi. Huko njiani Elsie amekutana na mtu; twaona kivuli chake, kisha twasikia mluzi wake anapomnunulia mtoto puto kwa kipofu mmoja. Mama anachungulia ngazini, anaita, "Elsie!" Twaonyeshwa ngazi tupu, chumba cha darini chenye nguo zilizoanikwa, sahani tupu mezani, na sauti ya mama yazidi kuwa mbali. Kisha kimya. Mpira wa mtoto wabingirika majanini, puto lake limenaswa katika nyaya. Hatuoni damu wala hatusikii kilio. Mama yeyote aliyepata kuita jina la mwanawe jioni asiitikiwe, anaijua hofu hii.

Tangu hapo mluzi ule ni kama harufu ya moshi: twajua moto u karibu ingawa hatuuoni. Mwuaji asimama mbele ya duka la visu, aona kiooni mtoto wa kike. Mluzi waanza, na roho zetu zapanda juu. Mtoto akutana na mama yake. Mluzi wakatika, nasi twapumua.

Polisi wanapekua mji usiku na mchana, lakini aitambuaye sauti ya mwuaji ni yule kipofu, aisikiapo mara ya pili. Anamwambia kijana mmoja, naye aandika herufi M kwa chaki kiganjani, ampiga mwuaji begani, na alama yabaki kotini. Herufi hiyo ni mwanzo wa neno "mwuaji" kwa Kijerumani, na kwa Kiswahili vilevile. Hapo twamkumbuka mzee Isaka. Macho yake yalikuwa yamefifia, na sikio lilimwambia kweli kwamba aliye mbele yake ni Yakobo. Lakini akaamini mikono, akadanganyika. Kipofu wa Berlin aliliamini sikio.

Picha ya pili yaitwa Jaws. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1975 na Steven Spielberg, nayo ni habari ya papa, samaki mkubwa alaye watu. Hapa wapiga muziki ni wengi, lakini John Williams, aliyeutunga muziki, alimpa papa sauti mbili za chini zirudiwazo, polepole kisha upesi, kama moyo udundao. Kwa muda mrefu papa haonekani. Muziki wasimama mahali pake. Wavulana wawili wanapowatisha watu kwa pezi la bandia, muziki haupigwi, na asikilizaye vema hadanganyiki. Lakini baadaye papa atokeza kichwa nyuma ya chombo bila muziki kumtangulia. Ndipo aliyeuzoea muziki arukapo kitini.

Jicho lina kope, sikio halina. Kwa sababu hiyo watengenezaji wengi hupiga kelele kuu ghafula, hata paka apitapo. Hao hushtua tu, hawatii hofu. Mtu hushtuka mara moja akasahau, bali hofu hukaa. Lang na Williams walitufundisha kwanza maana ya sauti, kisha wakatuacha tungoje. Na kungoja ndiko kunakoumiza.

Hata hivyo sisi twaitanguliza M. Papa akiisha kufa, watazamaji huenda zao wamefurahi. Katika M, mwuaji amekwisha kamatwa na kushtakiwa, lakini mama aliaye asema kwamba hukumu haitawarudisha watoto, na kwamba yatupasa kuwalinda. Hofu ile haikuwa mchezo. Ilikuwa inatufundisha kusikiliza.

Basi, msomaji, upatapo kutazama picha ya namna hii, fumba macho kidogo. Hofu ikikwisha, ujue picha ile ni ya macho tu. Ikizidi, aliyeitengeneza aijua kazi yake.