Mashahidi Watatu wa Neno Moja

Wazungumzaji wa Kiswahili tumedekezwa. Mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa kwa maneno machache kama barabara ile yenye maana ya sawasawa, na tunaandika kama tunavyotamka. Kiingereza hakina huruma hiyo.

Chukua photograph. Mkazo uko mwanzoni. Sema photography, nao unahamia silabi ya pili. Sema photographic, unakwenda ya tatu. Silabi iliyoachwa na mkazo mara nyingi inanyong’onyea, irabu yake inageuka mguno usiojulikana kama ni o au a. Sikio peke yake halitoshi hapo.

Fundi wa tahajia hufanya nini? Huwaita ndugu wa neno watoe ushahidi. La kwanza linaitamka wazi o ya mwanzo. La pili linaifichua o inayofuata. La tatu linaleta a. Kila moja limemeza kitu, lakini hakuna irabu iliyomezwa na yote matatu! Chini yao iko mizizi miwili ya Kigiriki, mwanga na kuandika, na anayeijua hatahangaika na ph: sauti ya f katika maneno yaliyotoka Kigiriki huandikwa hivyo kwa kawaida.

Ndiyo maana katika mashindano ya taifa ya tahajia ya Marekani, yaliyoanza 1925 kwa ushindi wa Frank Neuhauser na neno gladiolus, mtoto aliyetajiwa neno geni hakurupuki. Anauliza maana yake. Anauliza limetoka lugha gani. Msomaji wa maneno tangu 2003, Jacques Bailly, alikuwa bingwa mwenyewe mwaka 1980, na kazi yake ni kufundisha Kigiriki na Kilatini chuo kikuu. Wapo wanaoyadharau mashindano haya wakisema ni kukariri tu. Sikubaliani nao. Kukariri kunakufikisha kwenye maneno uliyowahi kuyaona. Kwa usiyoyaona unahitaji kujua kuyapasua hadi mizizi.

Kwetu neno refu la Kiingereza mara nyingi huandikwa ubaoni peke yake, darasa likaimba herufi zake mpaka kengele. Walimu, liandikeni pamoja na ndugu zake, mpige mstari chini ya silabi yenye mkazo katika kila moja, kisha waacheni wanafunzi watafute wenyewe irabu iliyofichwa.