Renja wa 2024: Ngazi Ishirini kwa Pointi Mbili

Kuna maamuzi ya utunzi wa michezo ambayo watu wanaweza kuyabishania mpaka alfajiri, wakaachana kila mmoja na lake. Zawadi ya ngazi ya 20 ya Renja katika Player's Handbook ya 2024, kitabu cha kanuni cha Dungeons & Dragons, haimo humo. Ni kosa, na mtu yeyote mwenye penseli angeliona kabla chai yake haijapoa. Inaitwa Foe Slayer, na kazi yake yote ni hii: dadu ya Hunter's Mark, uchawi wa kumwekea adui alama ili kila pigo limuumize zaidi, inaacha kuwa d6, inakuwa d10. Hakuna sentensi ya pili.

Tupige hesabu. Wastani wa d6 ni 3.5, wa d10 ni 5.5. Tofauti ni pointi 2 kwa kila pigo linalopata. Renja wa upinde ana mashambulizi mawili kwa zamu, aliyoyapata ngazi ya 5, na tangu hapo hayaongezeki. Yote mawili yakipata, Foe Slayer imemletea pointi 4. Akiwa mtu wa silaha mbili nyepesi, moja ikiwa na ufundi wa Nick, atapiga mara tatu: pointi 6. Ancient Red Dragon, ambaye ndiye aina ya adui tunayemtarajia huko juu, ana pointi za uhai zaidi ya 500. Chukua pambano la raundi tano, mishale yote kumi ipate, asikose hata mmoja. Zawadi ya mwisho kabisa ya Renja imechangia pointi 20. Joka hata halijajikuna.

Sasa mtazame Barbarian aliyeketi ng'ambo ya meza. Naye amefika ngazi ya 20, naye amepewa chake: nguvu na ustahimilivu wake vinapanda kwa 4 kila kimoja, mwisho 25. Nguvu ikipanda kwa 4, nyongeza inapanda kwa 2, kwa hiyo kila pigo lake linaongeza pointi 2 za madhara. Ndiyo, pointi zilezile 2 za Renja. Ila kwa Barbarian hizo ni chenji. Papo hapo ameongezewa 2 kwenye d20 ya kila shambulio, na ustahimilivu mpya umempa pointi 40 za uhai. Hakutumia tendo la ziada, hakuteketeza nafasi ya uchawi, wala hana umakini wa kulinda. Anaamka asubuhi nguvu iko mwilini. Fighter naye amepewa shambulio la nne, yaani mshale mzima wa 1d8 na nyongeza ya 5, wastani 9.5, kabla hujagusa silaha ya kichawi. Waliokaa wakaandika kurasa hizi tatu ni kikosi kimoja, katika kitabu kimoja. Hakuna aliyeziweka pamoja mezani?

Hata hivyo, udogo wa nambari si kiini cha kosa. Kiini ni umakini. Wachezaji wa zamani mnakumbuka kwa nini kanuni ya umakini ililetwa mwaka 2014: enzi za toleo la tatu wachawi walirundika uchawi juu ya uchawi mpaka pambano likaisha kabla halijaanza. Kanuni ni nzuri. Mtu mmoja, uchawi mmoja mkubwa kwa wakati mmoja. Lakini kanuni hiyo ina maana pale tu unaposhikilia kitu kinachostahili kushikiliwa. Hunter's Mark ni uchawi wa daraja la 1. Kumlazimisha Renja wa ngazi ya 20 aelekeze umakini wake wote kwenye uchawi aliojifunza siku ya kwanza ni kumwambia kwamba kila alichojifunza baadaye kilikuwa mapambo.

Kama unadhani natia chumvi, fungua ngazi ya 13. Hapo Renja anapewa Relentless Hunter: akipigwa, majeraha hayawezi kuvunja umakini wake juu ya Hunter's Mark. Ngazi hiyohiyo, ukurasa huohuo, anafunguliwa uchawi wa daraja la 4, na kwenye orodha yake imo Conjure Woodland Beings. Roho za msituni zinamzunguka, anatembea nazo, na kila adui zinayemgusa akishindwa kujinusuru anakula 5d8. Wastani 22.5, kwa kila adui. Nayo inadai umakini. Kwa hiyo mkono wa kulia umempa silaha bora ya maisha yake, na mkono wa kushoto ukampa kinga ambayo haifanyi kazi akiitumia silaha hiyo. Ngazi ya 17 ni hadithi ileile: unarusha d20 mbili na kuchukua kubwa dhidi ya aliyewekewa alama. Zawadi tatu kati ya zile kubwa za nusu ya pili ya safari, yaani ya 13, ya 17 na ya 20, zote zimefungwa kwenye mlango mmoja, na ufunguo wake ni kuacha kutumia uchawi wako mzuri.

Mchezaji wa bao ananielewa. Nyumba ina nguvu na ina bei: ukisafiri nayo umeipoteza, haijengwi tena, kwa hiyo kila mara unapofika pale unasimama na kufikiri. Bei nzuri huzaa uamuzi mgumu. Bei ya Hunter's Mark haizai uamuzi wowote, kwa sababu kuanzia ngazi ya 9 hivi jibu linajulikana, nalo ni kuachana nayo.

Halafu kuna tendo la ziada. Kuweka alama kunalila. Adui akifa na ukataka kuihamisha alama, unalila tena. Renja wa aina ya Beast Master, ambaye mnyama wake naye anaagizwa kwa tendo lilelile, anajikuta zamu ya kwanza akichagua kati ya mbwa mwitu wake na alama yake. Anaweza kutoa shambulio lake moja ili mnyama apige, lakini hapo analipa kwa pigo lake mwenyewe, lile ambalo alama ingeliongezea.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba dawa walikuwa nayo mkononi. Novemba 2019 Wizards of the Coast, wachapishaji wa mchezo huu, walitoa rasimu ya majaribio iliyompa Renja Hunter's Mark bila umakini. Wachezaji tukashangilia. Mwaka mmoja baadaye kikatoka kitabu cha Tasha's Cauldron of Everything, na umakini umerudi, tena juu ya dadu inayoanzia d4 na kufanya kazi mara moja tu kwa zamu. Septemba 2022 wakatoa rasimu nyingine, ile ya wahusika wataalamu, na humo wakaandika tena kwamba Renja hahitaji umakini kwa Hunter's Mark. Tukashangilia mara ya pili. Septemba 2024 kitabu kikatoka, na umakini umerudi tena. Mara mbili wamepata jibu sahihi, mara mbili wamelifuta. Kukosea mara moja ni ubinadamu. Hii ya pili wameifanya macho yakiwa wazi.

Najua utetezi wao, na si wa kipuuzi. Ukiondoa umakini ngazi ya 1, Fighter au Monk ataiba ngazi moja ya Renja, achukue d6 ya bure kwa kila pigo, arudi kwao. Ni kweli, angeiba. Lakini tangu lini mlango ukikaa wazi dawa yake ikawa kubomoa nyumba? Weka ruhusa hiyo ngazi ya 9, au ya 13, uone ni mwizi gani atatembea ngazi kumi na tatu kuja kuiba d6. Mfumo mzima wa ngazi upo kwa kazi hiyo: kumlipa aliyekaa. Mtunzi anayeogopa wezi kiasi cha kumnyima mwenye mali hajalinda mizani, amehamisha adhabu tu.

Na hapa lazima nirudie wimbo wangu wa zamani, mtanisamehe. Toleo la nne, lile la 2008 ambalo kila mtu alilicheka, lilikuwa na Hunter's Quarry. Unamchagua adui aliye karibu nawe kuliko wengine, kwa tendo dogo, na mara moja kwa raundi unamwongezea 1d6. Ngazi ya 11 inakuwa 2d6, ya 21 inakuwa 3d6. Hakuna umakini, hakuna nafasi ya uchawi, na inakua pamoja na wewe. Waliolitupa toleo lile kwa sababu lilifanana na mchezo wa kompyuta walitupa na Renja wake, na tangu hapo hatujapata mwingine wa kumfikia. Ukitaka kurudi nyuma zaidi, nenda kwa Renja wa AD&D, Player's Handbook ya 1978 ya Gary Gygax, mjukuu wa yule aliyetungwa na Joe Fischer kwenye The Strategic Review mwaka 1975. Yule alipokutana na jamii ya majitu, orc na troli wakiwemo, aliongeza pointi 1 ya madhara kwa kila ngazi aliyonayo. Ngazi ya 20, pointi 20, kila pigo. Wa leo angehitaji mapigo kumi ya Foe Slayer kufikisha nyongeza ya pigo moja la babu yake. Babu alikuwa na maadui maalumu, nakubali, lakini alipowakuta walijua wamekutana na nani.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Toleo la tano lilisifiwa miaka kumi mfululizo, na kampuni inayosifiwa hivyo huanza kudhani mezani hakuna anayehesabu. Ni kampuni hiyohiyo iliyodhani Januari 2023 kwamba inaweza kuigeuza OGL, leseni inayowaruhusu wengine kuchapisha kwa kanuni zake, na wachapishaji wadogo wakae kimya. Hawakukaa kimya, na kabla mwezi haujaisha ikalazimika kuziweka kanuni za msingi chini ya Creative Commons. Somo lilikuwa kwamba wachezaji wa mchezo huu wanasoma maandishi madogo. Inaelekea somo hilo halikufika idara ya Renja.

Haki itendeke: ufundi wa silaha ni mzuri, uchawi kuanzia ngazi ya 1 ni mzuri, kasi ya Roving na kupotea machoni kwa Nature's Veil ni mambo mazuri, na mpaka ngazi ya 8 Renja huyu anamshinda wa 2014 kwa kila kitu.

Watanijibu kwamba meza chache hufika ngazi ya 20, kwa hiyo nalia bure. Jibu hilo ndilo lililotufikisha hapa. Ngazi ya mwisho ni ahadi. Mchezaji anaifungua siku anapoumba mhusika wake, kabla hajarusha dadu hata moja, aone mtu huyu atakuja kuwa nani. Barbarian anaona mwili usiovunjika. Fighter anaona mishale minne. Renja anaona kwamba dadu yake itaongezeka nyuso nne.

Kwa hiyo, nyinyi mnaoendesha mchezo, msisubiri toleo jingine. Andikeni mistari hii miwili kwenye karatasi ya Renja wenu kabla ya kikao kijacho. Ngazi ya 13, badala ya Relentless Hunter, Hunter's Mark haihitaji tena umakini. Ngazi ya 20, dadu yake ni 2d8. Wastani wa 2d8 ni 9, yaani pointi 5.5 zaidi ya d6. Kwa mishale miwili ni 11, karibu sawa na mshale wa nne wa Fighter. Hakuna mezani atakayelalamika kwamba Renja amezidi, na mwenye Renja ataacha kumwonea wivu Barbarian. Kazi hiyo ni ya mistari miwili. Wizards of the Coast walikuwa na miaka mitano, tangu rasimu ya 2019 hadi kitabu cha 2024, na hawakuifanya.