Kwa Nini Lugha ya Go Ilikataa "try"

Anayejifunza Go huchoshwa mapema na mistari mitatu ileile: baada ya kuita funksheni unaandika if err != nil, ukikuta kosa unalirudisha, kisha unafunga mabano. Mistari hiyo hujirudia mpaka kazi yenyewe ya programu ikapotea machoni. Malalamiko hayo yana haki, na waundaji wa Go hawakuyapuuza.

Mwaka 2019 Robert Griesemer, aliyeianzisha Go pale Google mwaka 2007 pamoja na Rob Pike na Ken Thompson, alipendekeza try. Ukiandika f := try(os.Open(jina)), kosa likitokea funksheni yako inarudi papo hapo, lisipotokea, f inapokea faili. Mistari minne ikawa mmoja.

Ubishi uliozuka ulikuwa mkubwa, na kwa maoni yangu wapinzani ndio waliogusa kiini. Kwa macho, try ni funksheni kama nyingine, kumbe inaficha return ndani yake. Aliyezoea kupitisha jicho pembeni mwa ukurasa akitafuta mahali funksheni inaporudi, sasa angelazimika kuchambua kila mstari. Try mbili zikipandana katika mstari mmoja, milango ya kutokea ni miwili na hakuna unaoonekana. Tena, ile if inayokera ndiyo mahali pa kuongeza maelezo, kwamba faili fulani imekosekana wakati wa kazi fulani, au pa kuchomeka mstari wa kuchapisha unaposaka hitilafu. Kwa try, maelezo yangehamia kwenye defer, amri inayotekelezwa funksheni inapomalizika, mbali na kosa lilipozaliwa. Wengi wasingejisumbua, wangelipitisha kosa likiwa tupu.

Julai 2019 pendekezo likaondolewa. Si kwamba Go inakataa kila kipya: toleo la 1.18 la Machi 2022 lilileta jeneriki, badiliko zito kuliko try. Lakini jeneriki zilimwezesha mtu kuandika mara moja, bila kupoteza ukaguzi wa aina za data, kitu alichokuwa akikinakili kwa kila aina. try ilipunguza uchapaji tu, na gharama yake ilimwangukia msomaji, ilhali Go iliundwa kwa ajili ya timu kubwa zinazosoma programu zilizoandikwa na wengine.

Mwaka 2025, baada ya pendekezo la kutumia alama ya kuuliza (?) mahali pa if hiyo nalo kukosa maafikiano, timu ya Go ilitangaza kwamba haitaendelea kutafuta sintaksia mpya ya kushughulikia makosa. Uamuzi huo ni sahihi.