Rangi, Asili na Kurejesha: Maneno Matatu Yenye Kupotosha

Katika kufasiri maelezo ya silaha za kale, maneno matatu hutumiwa kana kwamba hayana mashaka: rangi, asili na kurejesha. Kwa maoni yetu, yote matatu hayamfai mchunguzi, na madhara yake si ya lugha peke yake. Thamani ya bastola ya kale hutegemea sana jibu la swali moja: je, sura ya chuma chake ni ile iliyotoka nayo kiwandani, au ilitiwa baadaye?

Tuchukue bastola ya Colt iliyoanza kuundwa Marekani mwaka 1873. Mtutu na silinda vilisuguliwa vikang'aa, kisha vikapashwa moto hata uso wa chuma chenyewe ukageuka buluu. Kiunzi kilipikwa pamoja na makaa na mifupa, kikatumbukizwa majini, kikatoka na mawimbi ya buluu, kijivu na hudhurungi. Bastola nyingine zilichovywa nikeli. Hapana iliyopakwa rangi. Mwenye kuandika "rangi" humpeleka msomaji kwenye kopo na brashi. Sisi twapendekeza utando. Atakayesema kwamba utando ni wa buibui na akumbuke pia utando wa uji uliopoa: nao hutokana na uji wenyewe, kama buluu itokanavyo na chuma. Uliochovywa utaitwa utando wa nikeli.

Neno asili lina kasoro nyingine. Mchunguzi hutazama herufi na tarehe zilizopigwa chapa. Zikiwa zimefifia ilhali buluu iliyo juu yake haina mkwaruzo, hujua kwamba gurudumu la kusugulia limepita hapo. Hutazama pia matundu ya skrubu yaliyobonyea kandokando, pembe zilizopoteza ukali, na vishimo vya kutu vilivyofunikwa na buluu. Utando wa kwanza huliwa mdomoni mwa mtutu na kwenye kingo za silinda, palipokwaruzana na ala ya ngozi. Tena, katika bastola za kale za Smith & Wesson zilizochovywa nikeli, kwa kawaida nyundo na kifyatulio havikuchovywa; nikeli ikionekana hapo, shaka huingia.

Lakini kampuni hiyo hiyo ilipokea bastola kuukuu na kuzitia utando mpya, na baadhi yake zilipigwa alama ya nyota kitakoni. Utando huo ni wa kiwandani, wala si wa kwanza. "Asili" haliwezi kuzitenga hali hizo mbili, na muuzaji mjanja hujificha humo. Basi tuseme utando wa kwanza, na mwingine tuuite utando wa pili wa kiwandani.

Neno baya kuliko yote ni kurejesha. Kurejesha ni kukifanya kilichoondoka kirudi. Utando ukishasuguliwa haurudi. Hutiwa mwingine, na chuma kilichokwenda na gurudumu kimekwenda moja kwa moja. Neno hilo lasifu kazi kabla haijapimwa. Utando uliotiwa upya ndiyo istilahi ya haki: haimsifu fundi wala haimlaumu, bali yataja lililotendeka.

Istilahi tatu hizi hazina urembo. Hata hivyo, mwandishi wa kumbukumbu za makumbusho akizitumia, hatalazimika kuapa kwa jambo asiloliona. Istilahi njema ni ile isiyojua zaidi ya macho ya mchunguzi.