Kisanduku cha "Hakuna"

Video zinazotangaza programu mpya za mawakili zina hadithi moja. Ni usiku, wakili amechoka, na kesi yake ina hati elfu kadhaa. Anazipakia zote, anaandika maswali yake, na kabla chai haijapoa akili unde imeshamtolea jedwali. Kila hati ina mstari wake. Kila swali lina safu yake: nani aliandika, lini, pesa zimetajwa, kosa limekubaliwa? Kwenye kila kisanduku kuna jibu fupi na nambari ya ukurasa lilikotoka. Wakili anatabasamu. Stori imeisha.

Nataka kulihakiki jedwali hilo kama andiko, maana ndivyo lilivyo. Ni muhtasari wa maandishi ya watu wengine, na kuna watu watakaoshinda au kushindwa kesi kwa sababu yake.

Tuanze na sifa. Ukiwa na mikataba 300 ya kupangisha nyumba na unataka kujua ni ipi inayomruhusu landilodi kupandisha kodi bila notisi, jedwali linashinda macho ya mtu saa nane usiku. Unapanga kwa tarehe, unachuja, unalinganisha, umemaliza. Mikataba inafanana, na kila mmoja unajitosheleza. Jibu la swali lako limo ndani ya karatasi hiyohiyo.

Lakini kesi nyingi hazijengwi kwa karatasi za aina hiyo. Zinajengwa kwa barua, memo na meseji, na mwenye hatia haandiki waziwazi. Huku kwetu nani anaandika "hongo"? Anaandika "chai". Akiwa mjanja zaidi anaandika, "Ile maneno ya jana imeshughulikiwa." Akili unde siku hizi inajua chai ni nini. Hiyo ya pili ndiyo ngumu, kwa sababu maana yake haimo ndani ya meseji yenyewe. Imo kwenye meseji ya jana, na ya jana iko mstari mwingine. Kwa kawaida jedwali la aina hii huihoji kila hati peke yake. Kwa hivyo chini ya safu ya hongo, kisanduku kitasema: "Hakuna." Na kuhusu hati hiyo moja, kitakuwa kimesema kweli. Hati zimekaa kama majirani wa ploti moja wasiosalimiana.

Shida hii si ya leo. Mwaka wa 1985 David Blair na M. E. Maron walichapisha uchunguzi kuhusu kesi iliyotokana na ajali ya treni ya BART, eneo la San Francisco. Hati zilikuwa kama 40,000. Mawakili, wakitafuta kwa maneno kwenye kompyuta, waliamini wamepata asilimia 75 ya hati zilizowahusu. Kumbe wastani ulikuwa asilimia 20 hivi. Waliohusika na ajali hawakuiita ajali. Waliiita tatizo, au hali ya kusikitisha, au lile jambo la barua yako iliyopita. Mashine zimebadilika sana tangu hapo, lakini "lile jambo" bado linahitaji barua iliyotangulia.

Nyumbani tuna mfano mchungu zaidi. Machi 1959, watu 11 waliokuwa kizuizini katika kambi ya Hola walipigwa hadi wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilisema walikufa baada ya kunywa maji. Hebu iweke taarifa hiyo kwenye jedwali letu. Kilichotajwa kabla ya vifo: maji. Kipigo: hakuna. Majibu yote mawili yameinukuu hati sawasawa, na ukurasa umeonyeshwa. Bado ni uongo. Utaugundua tu ukiisoma taarifa hiyo pamoja na matokeo ya uchunguzi wa maiti.

Halafu kuna mistari ambayo haitakuwepo kabisa. Wazee wa Mau Mau waliishtaki serikali ya Uingereza jijini London mwaka wa 2009. Ni mwaka wa 2011 ndipo serikali hiyo ilipokiri kuwa na maelfu ya faili za makoloni zilizofichwa Hanslope Park. Wanahistoria walizisoma, na mwaka wa 2013 serikali ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Lakini faili nyingine zilichomwa moto wakoloni walipokuwa wakiondoka. Faili iliyochomwa haina mstari, kwa hivyo haina hata "hakuna". Jedwali litaonekana limejaa.

Najua kuna watakaosema: basi tumia mashine mbili, ulinganishe safu kwa safu. Sawa, fanya hivyo, na pale zinapopingana ndipo pa kuanzia kusoma. Ila zikikubaliana usishangilie mapema. Mbili zikisoma hati moja bila jirani yake, zitakosea pamoja.

Mwaka wa 2012 jaji Andrew Peck wa New York alikubali mashine isaidie kuchagua hati katika kesi ya Da Silva Moore. Utaratibu uliowekwa mbele yake ulihusisha kuchota sampuli ya hati zilizotupwa na kuzisoma. Teknolojia ile haikuwa hii ya sasa, lakini walijua hatari iko kwenye rundo lipi. Jedwali la leo halina rundo. Lina visanduku safi, na kisanduku safi hakimsumbui mtu.

Mwanafunzi wa sheria anayeanza kazi mwaka huu huenda akapewa jedwali kabla hajapewa faili. Ushauri wangu kwake ni huu: panga safu ili "hakuna" zote zije juu. Chagua kumi bila kubagua. Fungua kila hati, pamoja na iliyoandikwa kabla yake na iliyoijibu, usome mpaka sahihi ya mwisho. Ukimaliza ndipo utajua kama hilo jedwali ni la kuaminiwa.