Imani Isiyotabiri: Tawakali na Ujasiri katika Shairi la "Siwati" la Abdilatif Abdalla

1.0 Utangulizi

Diwani ya Sauti ya Dhiki (1973) ni zao la gereza. Mtunzi wake, Abdilatif Abdalla wa Mombasa, alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake wa 1968, Kenya: Twendapi?, ulioikosoa serikali ya wakati huo. Tangu ichapishwe, diwani hii imehakikiwa zaidi kama sauti ya upinzani wa kisiasa. Usomaji huo una haki yake. Hata hivyo, mara nyingi huziacha pembeni dua zilizomo katika mashairi hayo, kana kwamba ni pambo la kimapokeo tu.

Mimi mwenyewe nimefundisha hivyo kwa miaka kadhaa. Kila nilipofika ubeti wa mwisho wa "Siwati", niliwaambia wanafunzi kwamba kumwomba Mungu ni desturi ya washairi wa pwani, kisha nikaendelea na mada nyingine. Siku moja mwanafunzi aliniuliza: "Na kama asingetoka gerezani, shairi lingekuwa limekosea?" Sikuwa na jibu. Makala haya ni jaribio la kumjibu. Yanadai kwamba imani inayojengwa katika "Siwati" haitabiri matokeo ya jaribu, na kwamba ushahidi wa dai hili umo katika sarufi ya shairi lenyewe.

2.0 Subira Ambayo Mwisho Wake Unajulikana

Fasihi ya Kiswahili ina mapokeo marefu ya kusimulia majaribu. Mfano ulio wazi ni Utenzi wa Ayubu, unaosimulia mitihani ya nabii huyo. Ayubu hupoteza mali, watoto na afya, lakini hadhira inayousikiliza utenzi tayari inajua kwamba Mola atamponya. Kwa hiyo mateso yake yanasikilizwa chini ya kivuli cha faraja inayokuja. Methali isemayo "Subira huvuta heri" hufuata mkondo huohuo: subira ni kamba, na heri imefungwa mwisho wake.

Sina nia ya kuyabeza mapokeo haya, kwani yamewashikilia wengi. Lakini anayesimuliwa habari za Ayubu ana kitu ambacho Ayubu mwenyewe hakuwa nacho: anaujua mwisho. Mfungwa anayetunga akiwa ndani ya seli yuko mahali pa Ayubu, si mahali pa msikilizaji.

3.0 Ushahidi wa Sarufi

Tuanze na anwani. Katika Kimvita, "kuwata" ni kuacha. Msemaji angeweza kulijenga shairi lake juu ya "sitawata", yaani ahadi kuhusu kesho. Amechagua "siwati", kanushi ya wakati uliopo, na neno hilo linarudi mwanzoni mwa mshororo baada ya mshororo. Takriri hiyo si ya kunogesha mahadhi pekee. Kila linapotamkwa, uamuzi unafanywa upya, kama mtu anayeshika ukuta gizani, hatua kwa hatua.

Ni kweli kwamba wakati ujao nao unajitokeza. Lakini tukiuchunguza, unabeba ama azimio la msemaji mwenyewe ama ahadi za vinono anazopewa ili alegeze msimamo. Hakuna mahali ambapo tendo la Mungu linatabiriwa. Msemaji hasemi kwamba Mola atamtoa, wala kwamba atawaangusha wabaya wake. Hata dua ya mwisho ni ombi la msaada tu. Haitaji kufunguliwa wala kulipwa.

Ushahidi mzito zaidi ni kiambishi -nga-, ambacho Kiswahili sanifu kimekihifadhi katika neno "ingawa". Msemaji hakiachi: ijapo aadhibiwe, ijapo ashawishiwe, na katika ubeti wa mwisho, ijapo aambiwe kwamba anayoyaamini hayatakuwa. Hapa ndipo kilele cha ujasiri wake kilipo. Kuvumilia adhabu huku ukiwa na hakika ya ushindi ni jambo moja; kukubali kusikia kwamba huenda ushindi usije, na bado usiache, ni jambo jingine.

4.0 Pingamizi Mbili

Huenda ikasemwa kwamba mfungwa huyu alihukumiwa miaka mitatu, hivyo aliujua mwisho. La hasha. Alichokijua ni urefu wa kifungo. Iwapo ukweli alioufungiwa ungepokelewa na jamii ni jambo ambalo hakuna hukumu ya mahakama iliyoweza kumwambia.

Aidha, huenda ikadaiwa kwamba huu ni ukaidi wa kisiasa, na neno "imani" katika shairi lina maana ya msimamo, si dini. Ninakubali kwamba neno hili linabeba maana zote mbili. Lakini msemaji mwenyewe anakanusha kuwa anashindana, na shairi linafungwa kwa kumwomba Mungu msaada. Mkaidi hutegemea nguvu zake. Huyu anakiri kwamba zake hazimtoshi. Katika "Mamba", shairi jingine la diwani hiyohiyo, kiumbe anayejitegemea na kujiona wa milele ndiye hasa anayekumbushwa kwamba ana kikomo. Kwa hiyo ujasiri na unyenyekevu vinakwenda pamoja katika diwani hii. Jina la Kiswahili la muungano huo ni tawakali.

5.0 Hitimisho

Sasa ninaweza kumjibu mwanafunzi wangu. Swali lake lilijengwa kwa -nge-, kiambishi kinachofunga tokeo kwenye sharti: kama asingetoka, shairi lingekosea. Shairi limejengwa kwa -nga-, kiambishi kinachokata fungo hilo. Lisingekosea, kwa sababu halikuahidi kutoka.

Sisi tunaolisoma leo tunajua kwamba mtunzi aliachiliwa mwaka 1972, akafanya kazi Dar es Salaam na baadaye London. Tukiusoma ubeti wa mwisho kwa kuyategemea hayo, tunamgeuza kuwa shujaa aliyejua kwamba atashinda, na tunampunguzia ujasiri. Ninapendekeza kwamba walimu wa ushairi wawaombe wanafunzi kuisahau historia hiyo kwa muda, walisome "Siwati" kama lilivyotungwa, mlango ukiwa bado umefungwa.