Karibu Kiti: Juu ya Kuchagua Viti vya Kale

Mgeni apigapo hodi katika nyumba ya Dar es Salaam, neno la kwanza baada ya salamu ni "karibu kiti". Husemwa hata pale ambapo kiti chenyewe hakipo, ila mkeka, ndoo iliyopinduliwa au ukingo wa baraza. Lugha yetu imekipa kiti heshima ambayo haikuipa meza wala kabati. Anayeongoza mkutano tunamwita mwenyekiti, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilipoanzisha mwaka 2008 nafasi ya kitaaluma ya Umajumui wa Afrika kwa jina la Mwalimu Nyerere, kiliiita nafasi hiyo Kigoda. Kwa hiyo tukisema kwamba kuchagua kiti cha kuweka sebuleni ni jambo la utamaduni, hatutii chumvi.

Siku hizi imezuka katika jiji letu hamu ya viti vya kale. Nyumba za Kiswahili za Kariakoo zinavunjwa ili ghorofa zipande, na kila nyumba inapovunjwa hutoka vitu ambavyo havijaona jua kwa miaka mingi. Vingine hutoka katika minada ya maofisi. Vingine vimewekwa kwenye maduka ya mjini yanayowangojea wageni wa mahoteli. Vyote huitwa kwa jina moja, "cha kale", na hapo ndipo makosa yanapoanza, kwa maana jina hilo moja limefunika vitu visivyolingana hata kidogo.

Tuanze na kile ambacho kila mwenye duka hudai kuwa nacho, yaani kiti cha enzi. Hiki ni kiti cha mwambao: cha Lamu, Pate, Siyu na Unguja. Kina egemeo refu lililosimama wima, mikono iliyonyooka, na mahali pa kuwekea miguu. Mti wake ni mweusi, nao umetiwa njumu za pembe na mfupa. Katikati ya mbao zake zimesukwa nyuzi. Hakikutengenezwa kwa ajili ya kupumzikia. Kiliwekwa kwa mgeni mwenye cheo au kwa shughuli kubwa ya nyumba, na aliyekikalia alilazimika kunyoosha mgongo, apende asipende. Wataalamu wamebishana sana juu ya asili yake, wengine wakitazama Misri, wengine Bara Hindi, wengine Ureno. Marehemu James de Vere Allen alikiandikia makala marefu mwaka 1989. Atakaye kukiona cha kweli na aende makumbusho ya Lamu. Vile vinavyouzwa mjini kwetu, vingi sana ni vipya. Hatusemi kwamba kuiga ni dhambi. Fundi aigaye vizuri anaendeleza sanaa. Dhambi ni kupaka kiwi ya viatu juu ya mbao nyeupe na kuapa kwamba ni mpingo wa enzi za Seyyid Barghash. Mpingo ni mzito hata huzama majini, na kiti cha mpingo hakinyanyuliwi kwa vidole viwili. Tena, tangu mwaka 1989, mataifa yalipokubaliana kuzuia biashara ya pembe za ndovu baina ya nchi na nchi, mwenye kiti chenye pembe ya kweli hawezi kukivusha mpaka apendavyo. Muuzaji akuambiaye kwamba hilo si tatizo, ama pembe yake ni ya uongo, ama yeye mwenyewe ni mwongo.

Kigoda hakina mikono, nasi tutakipita upesi, ila tuseme neno moja kwa ajili ya wanafunzi. Kigoda cha miguu mitatu huchongwa kwa gogo moja, hakina kiungo hata kimoja cha kulegea. Na miguu mitatu haiyumbi hata sakafu ikiwa na mashimo, jambo ambalo kiti cha miguu minne hakiliwezi. Kipo kiti cha kitemi kutoka Unyamwezi, chenye egemeo refu lililochongwa umbo la binadamu, ambacho kila kitabu kikubwa cha sanaa ya Afrika ya Mashariki hukitaja. Kipo Berlin. Hapa Kariakoo tunao Mtaa wa Nyamwezi.

Sasa tuseme lililotusukuma kuandika. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa miongoni mwa wajumbe wa kamati ya kuorodhesha vifaa chakavu katika ofisi moja ambayo hatutaitaja. Ndani ya stoo, nyuma ya mashine za kupiga chapa zisizo na riboni, palikuwa na viti kumi na vinne vya mikono, vya mninga, vya ule mtindo wa Idara ya Kazi za Umma ya wakati wa Mwingereza ambayo wazee waliiita PWD: mikono mipana iliyo bapa, egemeo la mbao nyembamba zilizolazwa nyuma kidogo, na mito ya kuweka na kuondoa. Mito ilikuwa imeliwa na panya. Viti viwili vilikuwa vimevunjika miguu. Tulivitazama kutoka mlangoni, tukaandika "chakavu", tukatia sahihi. Kazi yote haikuchukua dakika kumi. Hakuna mjumbe aliyegeuza hata kiti kimoja, nasi tukiwemo.

Baada ya miezi mitatu tulikwenda Gerezani kumtafuta fundi wa kabati, tukavikuta vitatu vimesimamishwa ukutani. Tulivitambua kwa namba za rangi nyeupe chini ya ukingo wa nyuma. Cha nne kilikuwa juu ya meza ya kazi kinapasuliwa. Fundi, kijana wa miaka kama thelathini, alikuwa akitoa mbao za mikono apate kutengenezea fremu za picha. Tukamwuliza kwa nini anakivunja kiti kizima. Akajibu bila kusimamisha msumeno: "Shikamoo mzee. Mninga mkavu kama huu nitaupata wapi siku hizi? Mbao zinakuja mbichi; ukiunga leo, kesho kutwa zimepinda." Tulisimama pale tumefadhaika. Kijana yule aliijua thamani ya mbao kuliko kamati nzima ya watu waliosoma. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia kwamba kiti kile kilikuwa na thamani kupita mbao zake. Na aliyepaswa kumwambia ndiye aliyetia sahihi.

Tulinunua kimoja kati ya vile vitatu kwa fedha ambayo siku ya mnada ingetosha kununua vinne. Fundi, alipoona tumechukizwa, alitufunza kukitazama, nasi tunawapa walimu na wanafunzi mafunzo yake. Kiti cha kale hutazamwa kikiwa kichwa chini, miguu juu. Huko chini ndiko vanishi haifiki na uongo haujipambi. Tazama kiungo: kama ulimi wa mbao umeingia katika tundu lake barabara, na kigingi kimepita kuushika, kiti hicho kimetengenezwa na mtu aliyetaka kidumu. Kama utakuta misumari peke yake, weka chini uende zako. Tazama parafujo: zile zenye alama ya nyota kichwani zilianza kutumika miaka ya 1930, hivyo kiti kinachosemwa kuwa cha karne ya 19 hakiwezi kuwa nazo, isipokuwa kimetengenezwa upya. Mguu uliokerezwa, upime kwa uzi au kwa vidole. Mti hunywea upande mmoja zaidi ya mwingine kadiri miaka ipitavyo, na mguu wa kale uliokuwa duara kamili huwa umekaa kama yai kidogo. Tafuta vitundu vya fukusi na unga wake. Unga mpya maana yake mdudu bado yumo. Kiti cha henzirani kisikutishe kikiwa kimetoboka, kwa sababu henzirani husukwa upya. Kisha angalia mahali palipochakaa. Uchakavu wa kweli una sababu: ncha za mikono palipokamatwa na viganja, na ubao wa mbele uliosuguliwa na visigino. Kiti kilichochakaa kila mahali sawasawa kimechakazwa na msasa.

Halafu kikalie. Si kwa dakika moja, bali kwa muda wa kikombe cha chai. Nyayo zikae chini, viwiko vikae juu ya mikono bila mabega kupanda, na uweze kuinuka bila kuvutwa na mtu.

Makochi yetu ya leo hayaupiti mtihani huu. Tangu milango ya biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, kochi limekuwa kipimo cha mtu kufanikiwa, na sebule ya futi kumi kwa kumi hujazwa makochi ya watu saba hata mgeni apite upande. Limevikwa sponji na ngozi ya bandia, na ndani yake ni vipande vya mbao laini vilivyopigwa misumari. Sisi wenye mazoea ya kutunga mashairi tunaijua hila hiyo: mshororo uliopungukiwa na maana huvishwa maneno mazito, na msikilizaji hupiga makofi mpaka siku atakapousoma peke yake. Kiti cha mninga hakina mahali pa kujificha.

Patakuwa na wasomaji watakaouliza: mtindo wa PWD ni wa mkoloni, utaingiaje katika utamaduni wa Taifa? Swali ni la haki, wala halijibiwi kwa kusema tu kwamba mti ni wetu na mafundi walikuwa wetu, ingawa hayo ni kweli. Katika ofisi za kikoloni kiti kilikuwa amri. Afisa alikalia chenye mikono, karani alikalia kisicho na mikono, na mwananchi mwenye shida alikalia benchi la nje au alisimama. Baada ya mwaka 1961 wakaaji walibadilika. Upangaji wa viti haukubadilika upesi kama wakaaji. Anayeweka kiti kile sebuleni kwake na awaeleze watoto habari hiyo pamoja na uzuri wa viungo vyake, kwa sababu vyote viwili vimo ndani ya mbao zilezile. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inailinda hata milango iliyochongwa kabla ya mwaka 1940. Kiti cha ofisini hakina mlinzi isipokuwa kamati kama ile yetu.

Kiti chetu kipo nyumbani. Tumekwangua rangi ya mafuta aliyoipaka mtu asiyejulikana, na mninga umetoka mwekundu wa kahawia, na mishipa yake myeusi kidogo. Namba nyeupe tumeiacha. Mkono wa kushoto ungali unacheza. Fundi wa mtaani ametaka mara mbili kuupiga msumari, nasi tumemkataza mara mbili. Tunangoja apatikane mninga mkavu wa kuchongea kigingi. Mgeni akija, tunamwambia karibu kiti, asiegemee sana upande wa kushoto.